Simu Moja, Watoto Watatu: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto kwa Gemu

Ukitaja gemu mbele ya wazazi wa Mwanza, wengi hufikiria kibanda. Chumba kimoja Mabatini au Igoma, televisheni mbili, pleisteisheni, na watoto wenye sare za shule wanaocheza mpira wa skrini kwa chenji ya mkate waliotumwa dukani. Hofu hiyo ina msingi, sitaibeza. Lakini mzazi huyohuyo aliyekataza kibanda ndiye anayempa mtoto simu jioni ili atulie wakati ugali unasongwa, na hapo hakuna anayeuliza mtoto anacheza nini.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinazofuata zimetoka hapo: gemu hufundisha pale inapopewa kazi ya kuziba pengo moja ambalo mzazi analijua kwa jina, na dalili kwamba pengo limezibika hutafutwa nje ya simu.

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Kati ya 2017 na 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, vikiwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja Mei 2019. Wapenzi wa teknolojia husimulia ile nusu iliyoweza. Mzazi aangalie pia nusu iliyobaki: walikuwa na vifaa, walikuwa na programu nzuri, na bado hawakufika. Wewe uliyeko nyumbani una kitu ambacho kishikwambi hakina, yaani unaweza kumsikiliza mtoto akisoma na kujua amekwama wapi.

Hatua ya 1: Tafuta pengo kabla hujatafuta gemu

Usifungue Play Store kwanza. Chukua karatasi, kalamu, na nusu saa ya Jumamosi asubuhi mtoto akiwa ameshiba.

Anza na kusoma. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona, wa kitabu cha darasa lake, na kama anahangaika shuka darasa moja. Asome kwa sauti, wewe unyamaze. Usimsahihishe. Unachosikiliza ni mahali anapokwama, maana kuna kukwama kwa aina tatu na kila aina ina dawa yake. Wa kwanza hajui herufi zinavyotamkwa. Wa pili anajua herufi moja moja lakini silabi ndefu kama *mbwe*, *ng’o* na *nywa* zinamshinda. Wa tatu anateleza ukurasa mzima vizuri kabisa, halafu ukimuuliza nani alienda wapi, anakutazama tu. Huyu wa tatu ndiye anayedanganya wazazi wengi, na ukimpa gemu ya herufi umempotezea mwezi.

Kwa watoto wa ukanda wetu, sikiliza na *r* na *l*. Nyumba nyingi za Magu, Misungwi na Sengerema mtoto hukua na Kisukuma. Ukerewe hukua na Kikerewe au Kijita. Kiswahili cha darasani kinakuja baadaye. Mtoto akiandika “Baba amekwenda kupiga kula,” usimcheke. Hajazembea, sikio lake halijatenganisha sauti mbili. Hilo ni pengo lenye jina, na gemu yenye sauti safi ya Kiswahili italifanyia kazi vizuri kuliko fimbo.

Kisha hesabu. Andika maswali kumi yaliyochanganywa ya darasa lake, na uangalie njia kuliko jibu. Chukua 42 kutoa 17. Mtoto anayeandika 35 anajua kutoa, ila ametoa 2 kwenye 7 na 1 kwenye 4, kwa sababu ameshika kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa popote ilipo. Hajui kukopa kumi. Ukimpa gemu ya kasi huyo, atakuwa hodari wa kukosea haraka. Anahitaji gemu inayoonyesha kumi likivunjwa kuwa moja moja, au punje za mahindi mezani. Mwingine anajibu yote sawasawa lakini kila jibu linapitia vidoleni. Huyo sasa ndiye wa gemu ya kasi.

Ukimaliza, andika sentensi moja: “Neema hajui jedwali la 7 na la 8.” “Juma anachanganya r na l.” Sentensi moja kwa mtoto mmoja. Ukijikuta umeandika tano, chagua ile inayozuia nyingine.

Hatua ya 2: Chagua gemu, uicheze wewe kwanza

Kuna gemu ambazo somo limebandikwa juu tu. Mtoto anaendesha gari, gari linasimama, swali linatokea, anajibu, gari linaendelea. Anachojifunza hapo ni kwamba hesabu ni kizuizi kati yake na raha. Jiulize: nikiondoa somo, mchezo unabaki vilevile? Kama unabaki, iache. Gemu nzuri, ukiondoa somo hakuna mchezo.

Mfano mzuri ni TuxMath, gemu ya bure ya kompyuta. Vimondo vinaanguka kutoka angani vikiwa vimeandikwa maswali, na njia pekee ya kukilipua kimondo ni kuandika jibu lake kabla hakijatua. Kuhesabu ndiko kufyatua. Unaweza kuchagua kuzidisha peke yake, kutoa peke yake, au mchanganyiko. Haihitaji intaneti na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu zile za mtumba. Kwa Neema wa jedwali la 7, sijaona inayoizidi.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, GCompris ni hazina. Ilianza mwaka 2000, ni ya bure, haina matangazo, na ina mazoezi zaidi ya 100: kupanga maumbo, kusoma saa, kuhesabu hela, kutumia kibodi, hadi mafumbo ya mizani. Ipo ya simu na ya kompyuta. Kasoro yake ni wingi huohuo. Mtoto akiachwa humo ataruka kutoka picha hadi picha kama yuko mnadani. Wewe ndiye wa kumwambia leo tunacheza mbili hizi.

Kwa herufi na sauti, Feed the Monster ina toleo la Kiswahili: mtoto husikia sauti, kisha hulisha jitu herufi inayolingana nayo. Hiyo ndiyo ya Juma. Kwa mtoto wa shule ya Kiingereza mwenye miaka 2 hadi 8 kuna Khan Academy Kids, ya bure na isiyo na matangazo. Ila nina neno kwa wazazi wanaoanza na Kiingereza kwa sababu kinaonekana cha maana: mtoto aliyetoka kwenye Kisukuma juzi na ambaye Kiswahili bado kinamsumbua, usimpe fumbo la hesabu kwa Kiingereza ukadhani unapima hesabu. Utakuwa unapima lugha.

Vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, si gemu, lakini naviweka hapa kwa sababu vinaeleza dhana kwa Kiswahili kizuri na nyimbo ambazo mtoto huzibeba hadi bombani. Dhana aione huko, mazoezi ayafanye kwenye gemu.

Kabla ya kumpa mtoto, cheza mwenyewe robo saa ukiwa umezima data. Kama gemu inakataa kufunguka bila intaneti, itakula bando na siku mtandao ukisumbua kipindi kimekufa. Kosea makusudi mara tano. Ikipiga honi tu na kwenda swali lingine, haimfundishi aliyekosea; inayofaa huonyesha kwa nini, au hurudi nyuma kwa swali jepesi zaidi. Kisha washa data na ucheze tena dakika chache uone matangazo. Baadhi ya gemu za bure zinaleta matangazo ya kubeti katikati ya herufi za alfabeti. Ukiona moja, futa hapohapo, hata kama katuni zake ni nzuri namna gani.

Hatua ya 3: Andaa simu

Hapa kuna vitu vidogo vinavyoleta hasara kubwa, basi fuata kwa utaratibu.

Pakua programu ukiwa kwenye waifai ya mtu unayemwamini au kwa bando la usiku, ambalo huwa nafuu. Pakua kutoka dukani kwake rasmi; faili za kurushiana na jirani zinaweza kuja na vitu ambavyo hukuviomba. Kwa wale wa Ukerewe na visiwa vidogo, pakua zote siku unapovuka kuja mjini, uzifungue mara moja zikiwa na mtandao, kwa sababu baadhi hukamilisha kupakua sauti na picha pale zinapofunguliwa mara ya kwanza.

Kwenye Play Store washa udhibiti wa wazazi, na weka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi. Namba ya siri ya pesa za simu mtoto asiijue, na asikuone ukiibonyeza. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba sarafu za dhahabu za kwenye gemu na shilingi za baba zinafanana sana machoni pa mtu wa miaka saba.

Android nyingi zina namna ya kuifungia simu kwenye programu moja, hivyo kwamba mtoto hatoki bila namba yako. Iko ndani ya mipangilio, upande wa usalama. Iwashe. Kisha weka hali ya ndegeni: data inakatika, simu haziingii, na picha za kikundi cha harusi cha WhatsApp hazidondoki katikati ya jedwali la 8. Punguza mwanga wa skrini. Sauti iachwe wazi na ya wastani, bila spika za masikioni, maana ukiwa jikoni unatakiwa usikie anachosikia.

Chaji mapema. Wewe na mimi tunajua umeme hauagi.

Hatua ya 4: Kaa naye

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wa shule ya msingi, kipimo changu ni dakika 20 hadi 25, siku nne kwa wiki. Baada ya hapo anabonyeza tu. Muda mzuri ni alasiri akiwa amekula na kupumzika, kabla ya kazi za shule za somo hilohilo; usiku akikaribia kulala, hapana.

Siku tatu za kwanza usiondoke kabisa. Kazi yako ni kuuliza, wala si kuonyesha kwa kidole. Maswali matatu yanatosha: Umejuaje? Ukibonyeza hiki unadhani itakuwaje? Hapa ulipokosea, ilikuwa inataka nini? Inakwenda hivi:

“Mama, jitu limekataa.”

“Limekataa nini, mwanangu?”

“Nimelilisha *la*, linataka nyingine.”

“Hebu bonyeza tena tusikie. Limesema nini?”

“…Ra.”

“Ulimi wako uko wapi ukisema *ra*? Na ukisema *la*?”

Anajaribu mara mbili tatu, anacheka. Huko kuujaribu ulimi ndiko somo lenyewe, na gemu peke yake isingeuliza swali hilo milele. Kama mzazi hajui kusoma, hili halimzuii. Bibi anaweza kusema, “Nifundishe na mimi, hii ni nini?” na mtoto akimweleza bibi yake kwa mpangilio, ameelewa kuliko aliyepata nyota zote.

Angalia vidole pia. Mtoto akibonyeza haraka kuliko anavyoweza kusoma swali, anabahatisha. Weka sharti: mikono magotini, sema jibu kwa sauti, kisha gusa. Gemu za majibu ya kuchagua ndizo zinazoharibiwa sana na kubahatisha. Za kuandika jibu, kama TuxMath, zinajilinda zenyewe.

Muda ukiisha kutakuwa na kilio, hasa wiki ya kwanza. Usikate katikati ya raundi. Sema mapema “raundi mbili zimebaki,” na zikiisha zimeisha, hata kama kuna mgeni na aibu ya kelele. Ukilegea siku moja, umeuza siku zote zilizobaki.

Hatua ya 5: Simu moja, watoto watatu

Huku kwetu ndiyo hali ya kawaida, na si hasara kama inavyodhaniwa. Mwaka 1971 huko Minneapolis, Marekani, mwalimu aliyekuwa bado mafunzoni, Don Rawitsch, pamoja na wenzake wawili walitengeneza gemu ya historia iitwayo The Oregon Trail kuhusu wahamiaji wa Marekani waliosafiri kwa mikokoteni kuelekea magharibi. Mashine haikuwa na skrini. Ilikuwa taipureta iliyounganishwa kwa waya wa simu, inayochapa majibu kwenye karatasi. Darasa zima lilikuwa na moja. Wanafunzi wakagawana kazi wenyewe: mwenye vidole vyepesi akaandika, mwingine akashika ramani, mwingine akatunza bajeti, na maamuzi wakajadiliana. Uhaba ndio uliowafanya waongee.

Fanya hivyohivyo. Mmoja anashika simu na haruhusiwi kuamua. Mmoja anasema jibu na haruhusiwi kugusa. Wa tatu ana daftari, anaandika kila swali walilokosea. Raundi ikiisha wanazunguka. Mkubwa asikabidhiwe usimamizi. Atajibu yeye kila kitu halafu wadogo wawe watazamaji. Na kuna jambo la nyumba nyingi ambalo sipendi kulifumbia macho: simu ikitoka, wavulana wanakaa, msichana anaitwa kuosha vyombo. Panga vyombo kabla au baada, kwa zamu, wote.

Hatua ya 6: Itoe kwenye simu

Watoto hujifunza gemu upesi kuliko wanavyojifunza somo. Mtoto anaweza kujua kwamba 7 × 8 ni kile kimondo cha 56 kinachotokea raundi ya nne upande wa kulia, na asijue kwamba mafungu 7 ya nyanya za shilingi 800 ni shilingi 5,600. Ili maarifa yahame, lazima uyahamishe siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Mwanza inarahisisha. Nenda naye sokoni Mlango Mmoja, au Mwaloni Kirumba dagaa wanapopimwa, na mpe kazi ya kuhesabu kabla muuzaji hajataja jumla. Sado mbili na nusu za dagaa ni shilingi ngapi kama sado moja ni kiasi hiki? Akiwa kwenye daladala, chenji ahesabu yeye. Kwa wa darasa la tano na kuendelea, tumia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo lina urefu wa kama kilomita 3: mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa atalivuka kwa dakika ngapi? Akifika kwenye 36 kwa njia yake mwenyewe, achana na gemu ya mwendo na muda, ameshapita.

Kwa kusoma, mpe mabango. Majina ya maduka, maandishi ya nyuma ya daladala, orodha ya nauli za meli. Juma wa *r* na *l* ataona makosa ya watu wazima kwenye mbao za matangazo kabla hujamwonyesha, na atayafurahia mno.

Umeme ukikatika na simu ikazima, Wasukuma wana isolo, mchezo wa mashimo na kete wa jamii ya bao. Chimba mashimo uani, okota kokoto. Anayecheza vizuri anahesabu mbele: kokoto hizi nikizisambaza zitaishia wapi, mwenzangu atakula nini? Hakuna gemu ya kulipia inayozidi hapo kwa kufundisha kupanga kabla ya kutenda, na babu akikaa upande wa pili, mtoto atapigwa kweli, bila kubembelezwa na nyota.

Hatua ya 7: Pima kwa karatasi

Yale maswali kumi ya Hatua ya 1, yatunze. Kila Jumamosi mpe maswali kumi ya aina ileile yenye namba tofauti, kwenye karatasi, simu ikiwa chumbani. Andika tarehe, amepata ngapi, na ametumia dakika ngapi. Basi. Usihesabu nyota, viwango wala mataji aliyovishwa na programu, kwa kuwa programu imetengenezwa kumpongeza.

Baada ya wiki nne soma daftari. Ikiwa amepanda kutoka 3 hadi 7, endelea wiki mbili nyingine. Ikiwa amepanda kwenye gemu na karatasi imebaki palepale, gemu haifai au pengo ulilotaja silo. Rudi umsikilize tena. Ikiwa karatasi inapanda lakini mtoto ameichoka gemu, iache bila huruma. Haikuwa ndoa.

Na usiifanye gemu hii kuwa zawadi ya kumaliza chakula wala kuipokonya kama adhabu ya kuvunja kikombe. Ukishaifanya hongo, haitakuwa tena sehemu ya kusoma.

Hatua ya 8: Mtoto atengeneze gemu yake

Ningeweza kuacha mengine yote nibaki na hii. Mtoto wa miaka 10 na zaidi anayetengeneza gemu hana pa kubahatisha, maana kompyuta haimbembelezi.

Tumia Scratch, iliyotengenezwa na maabara ya chuo cha MIT na kutolewa mwaka 2007. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua kwenye kompyuta yenye Windows 10 au kishikwambi cha Android, na lugha yake unaweza kuiweka Kiswahili. Badala ya kuandika amri, mtoto anapachika vipande vya rangi kimoja chini ya kingine. Kwa wadogo wa miaka 5 hadi 7 kuna ScratchJr, yenye vipande vya picha visivyohitaji kusoma.

Hii hapa gemu ambayo mtoto wa ziwani anaielewa bila maelezo. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Mchezaji ni mkaguzi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa: samaki anatokea, anataja urefu wake, mkaguzi anaamua abaki au arudi majini.

Kwanza achague samaki na mandhari ya maji. Akitaka kumchora mwenyewe, aachwe achore. Pili atengeneze vihifadhi namba viwili, kimoja akiite *urefu*, kingine *alama*. Tatu aweke kipande cha “bendera ya kijani ikibonyezwa,” na chini yake alama iwe 0. Nne aweke kipande cha kurudia mara 10, kwa kuwa tunataka samaki kumi. Ndani ya kurudia huko: urefu uwe namba ya kubahatisha kati ya 20 na 90, samaki aseme urefu wake kwa sekunde mbili, kisha aulize “Abaki au arudi?” na kusubiri mchezaji aandike jibu.

Sasa panakuja penye utamu. Mtoto anatakiwa aiambie kompyuta lini jibu ni sahihi. Atapachika: kama urefu ni mdogo kuliko 50 na jibu ni “arudi,” ongeza alama 1. Halafu: kama urefu ni mkubwa kuliko 50 na jibu ni “abaki,” ongeza alama 1. Mwache acheze. Mapema au kwa kuchelewa atatokea samaki wa 50 kamili, mchezaji atajibu “abaki,” na hatapata kitu. Watoto watagombana. Usiingilie haraka. Scratch ina kipande cha “ndogo kuliko,” cha “sawa na” na cha “kubwa kuliko,” lakini haina cha “kubwa au sawa na,” hivyo watalazimika kurudi kwenye sheria: inakataza walio *chini* ya 50, kwa hiyo wa 50 anabaki. Mmoja atagundua kwamba akiandika “kubwa kuliko 49” tatizo limekwisha. Tofauti ya “chini ya” na “kuanzia,” inayowaangusha watoto wengi kwenye mitihani, itakuwa imeingia kwa ugomvi wao wenyewe.

Wakimaliza, waongeze: alama ipungue ukimruhusu samaki mchanga apite, samaki akue kwenye skrini kadiri ya urefu wake, muda uwe mdogo. Jumamosi mbili tatu zitakwenda hapo, na zile dakika 25 za Hatua ya 4 hapa nazilegeza, kwa sababu nusu ya muda huo mtoto yuko kwenye karatasi na kwenye ubishi.

Neno kwa walimu

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na shule nyingi zina angalau kimoja. Kwa darasa la watoto 90, usijaribu kukizungusha. Kitafika kwa wachache na kitarudi na ufa. Weka kona moja ya watoto sita kwa dakika 15 wakati wengine wanafanya zoezi la daftari, na uwachague sita hao kwa pengo linalofanana, usichague kwa tabia nzuri. Njia nyingine ni kuchora fumbo la gemu ubaoni, darasa zima likapiga kura hatua inayofuata, mwakilishi mmoja akagusa. Kelele itakuwepo. Mweleze mwalimu mkuu mapema kelele hiyo ni ya nini, na umwonyeshe daftari la maswali kumi badala ya kumwonyesha gemu.

Mzazi naye, akiweza, amwambie mwalimu pengo alilolitaja: “Mwalimu, shikamoo, nyumbani tunashughulika na kukopa kumi.” Mwalimu mwenye watoto 90 huenda hajapata nafasi ya kuliona, na akilijua atampa mtoto swali lake ubaoni.

Pengo likishazibika, futa gemu ile kwenye simu. Nafasi ya simu zetu ni ndogo, na mdogo wake ana pengo tofauti.